Masikio kabla ya mdomo: Juma la kwanza katika ofisi ya uhusiano

Ndugu msomaji, vyuo vinapofunga masomo ya darasani na kuwatoa wanafunzi kwenda kwenye mafunzo kwa vitendo, vituo vya mabasi vya Tandika, Mbagala, Mwananyamala na Manzese hupata abiria wapya. Utawatambua kwa mashati yaliyopigwa pasi usiku, viatu vilivyong'arishwa kupita kiasi, na bahasha ya kaki iliyokumbatiwa kifuani kana kwamba ndani yake mna hati ya nyumba. Kilichomo ni barua ya chuo yenye mhuri, inayomwomba mkurugenzi fulani ampokee mwanafunzi fulani kwa majuma kadhaa ili ajifunze kazi.

Akiwa ni mwanafunzi wa uuguzi au wa ufundi wa umeme, majirani huelewa mara moja anakokwenda. Mwanafunzi wa uhusiano wa umma ndiye apataye taabu. "Uhusiano ndiyo kazi gani?" huulizwa. Wazazi wengine hudhani ni kazi ya kukaribisha wageni na kutabasamu. Wengine hudhani ni kazi ya kumpiga picha mkurugenzi akikata utepe. Na wapo wasemao waziwazi kwamba ni kazi ya kulipaka shirika rangi, hata kama ukuta wenyewe una ufa.

Leo napenda tulizungumze jambo hili kwa makini, kwa sababu kijana aingiapo katika ofisi ya namna hiyo hukutana, ndani ya juma la kwanza tu, na swali ambalo baadhi ya wakubwa wamelikwepa kwa miaka yote ya utumishi wao. Swali lenyewe ni hili: je, ofisi ya uhusiano imewekwa ili shirika lipate kusema na wananchi, au ili wananchi nao wapate kusema na shirika?

Nimezungumza kwa kirefu na binti mmoja mkazi wa Tandika, Wilaya ya Temeke, mwanafunzi wa stashahada, ambaye alipelekwa katika shirika moja lenye ofisi zake upande wa Kinondoni. Jina lake silitaji, wala silitaji shirika. Huduma yenyewe pia nitaiacha, kwani katika mji huu ukiitaja huduma umekwisha kulitaja shirika. Nitakayoyaeleza yangeweza kutokea katika ofisi nyingi.

JUMATATU: BENCHI

Binti huyu aliondoka nyumbani saa kumi na moja na nusu alfajiri. Alipanda basi la kwanza hadi Kariakoo, akabadilisha, na saa moja kasoro robo alikuwa amekwisha kufika, kabla tarishi hajafungua mlango. Barua yake ilipokewa masjala, ikapigwa mhuri, ikaenda utumishi, ikarudi masjala kwa kuwa haikuwa na namba ya jalada, ikaenda tena. Yeye alikuwa ameketi kwenye benchi la mapokezi mpaka saa tano.

Hakuna aliyemtukana na hakuna aliyemfukuza. Ni kwamba hakuna aliyekuwa akimngoja. Hata hivyo saa zile nne hazikupotea bure. Akiwa benchini, binti alikuwa mwananchi kama wananchi wengine waliokuja na shida zao. Aliona jinsi mwenye suti anavyoinukiwa na mwenye kanga anavyonyooshewa kidole kuelekezwa akae. Aliona jinsi neno "subiri" linavyoweza kusemwa kwa namna mbili, moja ikamtuliza mtu na nyingine ikamchoma. Kwa maoni yangu kila ofisa uhusiano angepaswa kuketi kwenye benchi la ofisi yake saa nne kila mwezi, asijulikane ni nani.

Hatimaye alipokewa na msimamizi wake, mama wa makamo aliyekaa katika kazi hiyo zaidi ya miaka 20.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekula?"

Akamkabidhi mkasi, gundi na rundo la magazeti. Kazi ilikuwa ni kukata kila habari inayolitaja shirika, kuibandika kwenye karatasi, kuandika jina la gazeti, tarehe na ukurasa, kisha kuitia jaladani. Siku hizi kazi hiyo huendelea katika kompyuta na simu, kwani watu husemea mengi katika mitandao ya kijamii. Lakini mkasi na gundi havijatoka ofisini, na ni mwalimu mzuri kwa mwanagenzi, maana humlazimisha asome.

Jioni binti alikuwa ameona jambo. Majalada yalikuwa mawili. La sifa lilikuwa nene na safi, na kila Ijumaa lilipelekwa juu kwa wakubwa. La malalamiko lilikuwa nene vilevile, lakini lilikuwa na vumbi.

JUMANNE: DAFTARI

Siku ya pili alipelekwa kaunta kusaidia kupokea watu. Mtu wake wa kwanza alikuwa mzee mmoja aliyetoka Mbagala, akiwa na mfuko wa plastiki uliojaa risiti. Binti alimwamkia, akamvutia kiti, akaanza kuandika maelezo yake katika daftari. Mzee akamwambia kwa upole, "Mjukuu wangu, usijichoshe. Jina langu limo humo tayari. Tazama nyuma."

Akafunua nyuma, akalikuta mara mbili. Tarehe zilikuwa tofauti, shida ilikuwa ileile, na katika safu ya "hatua iliyochukuliwa" palikuwa pameandikwa: ameelezwa asubiri. Alipoupitisha kidole ukurasa mzima, akaona maneno hayo mawili yamejaa kutoka juu hadi chini kama wimbo wenye kiitikio kimoja.

Mchana alikula kwa mama lishe nyuma ya ofisi, mahali ambapo mafundi nao hula. Siku zile mitaa kadhaa ya Temeke, na mtaa wa kwao ukiwamo, ilikuwa imekosa huduma kwa siku ya nne. Alimsikia fundi mmoja akiwaambia wenzake kwamba mtambo ulikuwa hautengenezeki mpaka kipuri kifike, na kwamba kipuri kilikuwa bado bandarini hakijatolewa. Hakikuwa kitu cha siri. Kila aliyeshika kijiko pale alikuwa akijua.

JUMATANO: TANGAZO

Asubuhi msimamizi alimwita, akampa kazi ambayo kila mwanafunzi wa uhusiano huiota: kuandika tangazo. Darasani alifundishwa kwamba tangazo zuri hujibu nini kimetokea, wapi, lini, kinawahusu nani, kwa sababu gani, na kitarekebishwa vipi. Alikaa chini akaandika vizuri. Ilipofika kwenye "lini", akaambiwa aandike kwamba huduma itarejea Alhamisi.

"Samahani, mama. Jana nilimsikia fundi akisema kipuri bado kiko bandarini."

"Alikuambia wewe?"

"Hapana, mama. Alikuwa akiwaambia wenzake, tukila."

"Basi hayo ni maneno ya mezani. Haya hapa ni maneno ya ofisi. Andika Alhamisi, mwanangu."

Akaandika Alhamisi. Na tusiharakishe kumhukumu mama huyu. Tarehe ile hakuitunga yeye. Aliletewa kwa simu kutoka juu. Na aliyeitoa huko juu alikuwa naye amebanwa na mkubwa mwenzake aliyetaka kusikia habari njema, akaona tarehe ya karibu itawatuliza watu hata kwa siku mbili. Ndivyo uongo wa ofisini unavyozaliwa aghalabu: hauna baba mmoja. Kila mtu huupokea kwa aliye juu yake, akaupitisha kwa aliye chini yake, na anayekuja kuutia mkono ni yule mdogo kuliko wote.

ALHAMISI: MLANGONI

Alhamisi ilifika, huduma haikufika. Binti alirudi Tandika saa moja na nusu usiku akawakuta watu watatu wameketi kibarazani kwa mama yake, na miongoni mwao balozi wa nyumba kumi. Habari zilikuwa zimeenea mtaani kwamba binti wa nyumba ile anafanya kazi kulekule. Tangazo walikuwa wamelisoma. Lilikuwa limebandikwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa na kuzungushwa katika simu.

"Mwanetu, wewe si uko humo ndani?" balozi aliuliza. "Walisema Alhamisi. Alhamisi ndiyo hii."

Mmoja wa wageni wale alikuwa mama mwenye genge la chakula. Kwa kulitegemea tangazo, alikuwa amekwisha kununua vitu vya biashara ya Ijumaa, na vitu vile vilikuwa vinamharibikia. Hakupiga kelele. Alisema maneno ambayo binti aliyaandika usiku uleule katika daftari lake la mafunzo, nami nayanukuu kama alivyonisomea: "Shida tumeizoea, mwanangu. Ningeambiwa Jumatatu, ningejua la kufanya. Kilichonitia hasara ni hiyo Alhamisi yenu."

Hiyo Alhamisi yenu! Binti hakuwa na cheo, hakuwa na mshahara, hakuwa hata na kitambulisho cha shirika. Lakini neno "yenu" lilimjumuisha. Katika siku nne alikuwa amevuka kutoka upande mmoja wa kaunta hadi wa pili, na majirani zake walikuwa wamekwisha kuiona safari hiyo kabla yake yeye mwenyewe.

IJUMAA: RADHI

Asubuhi alimweleza msimamizi wake yaliyotokea, pamoja na maneno ya mama mwenye genge. Mama yule alinyamaza kwa muda, akainuka, akafunga mlango.

"Haya. Wewe ungeandikaje?"

Binti akaandika sentensi tano. Kwamba huduma haikurejea Alhamisi kama ilivyotangazwa. Kwamba shirika linawaomba radhi wananchi kwa tarehe ile ambayo haikutimia. Kwamba mtambo unangoja kipuri ambacho bado hakijafika. Kwamba kwa sasa hakuna tarehe ya hakika. Na kwamba kila siku saa nne asubuhi taarifa itatolewa katika ofisi za serikali za mitaa, kiwe kipuri kimefika au hakijafika.

Msimamizi aliongeza namba ya simu ya kupigia, akampigia fundi mkuu ili kuhakikisha habari ya kipuri, kisha akaichukua karatasi akapanda nayo mwenyewe kwa wakubwa. Alikaa huko karibu saa nzima. Aliporudi, tangazo lilikuwa limetiwa saini, lakini sentensi moja ilikuwa imekatwa kwa kalamu nyekundu. Radhi haikuwamo.

"Nyingine zimepita," alisema. "Hiyo tutaipigania siku nyingine."

Jioni ile binti aliomba ruhusa ya kuchukua nakala moja, akaipeleka kwa balozi wa mtaa wao. Watu waliisoma. Hawakufurahi, kwani hapakuwa na la kufurahisha. Lakini mama mwenye genge aliwaambia wateja wake kwamba Jumamosi hatapika, akaiokoa fedha yake iliyobaki. Hiyo, ndugu msomaji, ndiyo kazi ya uhusiano wa umma: kumwezesha mtu apange siku yake ya kesho kwa habari ya kweli.

MAMBO HAYA SI MAPYA

Wako watakaosema kwamba binti huyu ni mtoto, na kwamba akikua atajua dunia inavyokwenda. Lakini wale walioiasisi kazi hii katika nchi za viwanda walikwisha kulifikia jambo hilohilo zamani. Mwaka 1906 huko Marekani treni ya kampuni ya reli ya Pennsylvania ilipata ajali mbaya karibu na Atlantic City, watu wengi wakafa. Desturi ya makampuni siku zile ilikuwa ni kufunga milango na kuwafukuza waandishi. Ivy Lee, ambaye kabla ya hapo alikuwa mwandishi wa magazeti na wakati huo akifanya kazi kwa kampuni hiyo, alifanya kinyume: alitoa taarifa kwa maandishi na kuwasaidia waandishi kufika mahali pa ajali wajionee wenyewe. Taarifa ile huhesabiwa kuwa mojawapo ya taarifa za kwanza za namna hiyo kwa vyombo vya habari. Kampuni haikulaaniwa zaidi kwa kusema, ilipunguziwa lawama.

Hapa kwetu nchini tunao mfano wa upande wa pili, nao uko Kongwa. Kati ya mwaka 1947 na 1951 serikali ya Uingereza iliendesha Mpango wa Karanga katika Tanganyika: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Iliahidiwa kwamba zaidi ya ekari milioni 3 zingelimwa. Magazeti na hotuba za Uingereza zilijaa matumaini. Lakini ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu kama saruji, mizizi ya vichaka ikavunja matrekta, na mvua hazikunyesha kwa kufuata hotuba. Mpango ulipofungwa mwaka 1951, zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimepotea. Alan Wood, aliyekuwa amefanya kazi ya habari katika shirika lililoendesha mpango ule, alichapisha kitabu mwaka 1950 akieleza mambo yalivyokwenda kombo. Fundisho lake kwa ofisa uhusiano wa leo ni dogo na gumu: karanga hazioti kwa matangazo.

Wala si kweli kwamba sisi wenyewe hatukuwa na mawazo yetu juu ya habari kati ya wakubwa na wananchi. Katikati ya miaka ya 1960 TANU ilianzisha mfumo wa nyumba kumi, ambao balozi wake alikusudiwa kubeba maneno ya viongozi kuyapeleka kwa watu na kubeba maneno ya watu kuyapandisha kwa viongozi. Mwongozo wa mwaka 1971 ulimkataza kiongozi majivuno na dharau kwa anaowaongoza, ukasisitiza kwamba wananchi washirikishwe katika kuyafikiri mambo yanayowahusu. Haimaanishi kwamba mfumo ule haukuwa na dosari. Mara nyingi maneno yalishuka upesi kuliko yalivyopanda. Lakini wazo lenyewe lilikuwa sahihi, na ndilo hilo binti wetu alilolikuta kibarazani kwa mama yake, balozi akiwa ameketi kwenye mkeka anangoja jibu.

Na leo si suala la hisani tena. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inazitaka taasisi zinazohusika ziteue maofisa wa taarifa, na inaweka muda usiozidi siku 30 wa kumjibu mtu aliyeomba taarifa. Mzee wa Mbagala mwenye mfuko wa risiti anayo sheria nyuma yake, ijapokuwa hakuna aliyemwambia.

KWA WAKUU WA OFISI

Vyuo vyetu vimefanya kazi yake. Chuo cha Uandishi wa Habari cha Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1975, kiliunganishwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2003, na hadi leo vijana hufundishwa huko uandishi na uhusiano wa umma. Nyegezi, Mwanza, ambako waandishi wengi wa zamani walipata mafunzo yao, pamekuwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino tangu mwaka 1998. Vijana wanatoka vyuoni wakiwa wanajua kuandika. Swali ni kile wanachokuja kukifundishwa na sisi tulio makazini.

Mkimpokea mwanafunzi, msimngojeshe benchini kwa kusahau. Mpangieni msimamizi kabla hajafika. Mkimpa mkasi na gundi, mpeni pia lile jalada la vumbi, mmwambie asome na aeleze ameona nini, maana macho mageni huona ufa ambao wenyeji wameuzoea. Msimtume chai tu, ijapokuwa kuleta chai si aibu kwa mdogo. Na zaidi ya yote, msimfundishe katika juma lake la kwanza kwamba tarehe ya uongo ni sehemu ya kazi. Akilijifunza hilo mapema halitamtoka tena, na siku moja atawaandikia ninyi wenyewe taarifa za uongo, mkaziamini.

Na hiyo radhi iliyokatwa kwa kalamu nyekundu! Tangu lini kuomba radhi kumekuwa kushindwa? Mtu mzima akimkanyaga mtoto sokoni husema "samahani, mwanangu" na heshima yake haipungui. Shirika lenye mitambo, magari na majengo limewezaje kuwa na ngozi nyembamba kuliko mtu huyo? Mficha maradhi, kifo humwumbua.

KWA WAZAZI

Mafunzo haya ni mzigo kwa familia, na tuseme hivyo waziwazi. Sehemu nyingi hazilipi kitu. Kijana wa Mbagala anayepangiwa Mikocheni anahitaji nauli ya mabasi mawili kwenda na mawili kurudi, na chakula cha mchana, kwa majuma yote. Wanafunzi wa chuo kikuu wanaopata mkopo wa Bodi ya Mikopo huweza kuwa na fungu la mafunzo kwa vitendo, lakini wengi wengine hawamo. Kwa hiyo fedha hutoka katika maandazi, katika genge, katika mshahara wa mlinzi. Mzazi anayezitoa anayo haki ya kuuliza jioni, "Leo umejifunza nini?" Na aulize kwa namna ya kutaka kusikia, wala si kwa namna ya kudai hesabu.

Wako wazazi wanaoogopa kuwapeleka mabinti katika ofisi hizi kwa sababu ya wanaume wenye tabia chafu. Hofu hiyo si ya kubeza. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamtambua kuwa mkosaji mtu anayetumia madaraka yake kudai ngono ili atoe kazi, alama au upendeleo wowote, na TAKUKURU ina wajibu wa kupokea malalamiko ya aina hiyo. Mwambie binti yako jambo hili kabla ya Jumatatu ya kwanza, bila haya na bila kumtisha, na umhakikishie kwamba akija na habari ya namna hiyo nyumbani hatalaumiwa yeye.

KWENU VIJANA

Wengi wenu mmechagua masomo haya kwa kupenda kuzungumza. Ni sababu nzuri ya kuanza, lakini haitoshi kumfikisha mtu mbali. Anayezungumza vizuri bila kusikiliza huitwa mpiga domo, hata akivaa tai. Fikeni mapema. Waamkieni wote: tarishi, mhazili, karani wa masjala na mfagizi, kwa kuwa hao ndio wanaojua ofisi inavyokwenda. Kuleni pale mafundi wanapokula. Andikeni katika daftari la mafunzo mambo mliyoyaona, wala si yale tu mnayodhani mwalimu anataka kuyasoma. Mkipewa jambo mnaloshuku, ulizeni kwa adabu, mara moja, kwa maneno yanayoeleweka, mkikataliwa, kumbukeni. Iko siku mtaulizwa, "Wewe ungeandikaje?" na siku hiyo mwe na sentensi zenu tayari.

Na msiuone kuwa ni udhaifu kutoka katika mitaa ileile ambayo tangazo linahusu. Mkurugenzi anayeishi mbali huwajua wananchi kwa ripoti. Ninyi mnawajua kwa majina, mnajua saa wanazoamka na bei wanazonunulia. Shirika lililoletewa mtu wa namna hiyo, hata kwa majuma machache na bila mshahara, limepewa masikio ambayo lisingeweza kuyanunua. Likiyaziba, hasara ni yake, na ni yetu sote tunaongoja Alhamisi.